Sahihi Zangu kwenye Kadi ya Jioni

Jumatatu, 3 Februari

Kadi ya shule ya masista imeingia wiki ya tano na bado inanichefua. Karatasi ngumu ya njano, juu picha ya Mama Maria, chini miraba mitatu kwa kila siku ya shule: Amesali. Amesoma. Amesaidia. Pembeni, nafasi ya sahihi ya mtu mzima wa nyumbani. Mtoto wa darasa la pili! Ana miaka saba, meno ya mbele hana, lakini kila jioni anathibitishwa kama mtu aliyetoka kwa dhamana.

Mtu mzima wa nyumbani ni mimi. Kaka yangu yuko barabarani na lori lake, mkewe yuko mwaka wa pili wa uuguzi, mbali. Mtoto wao wameniachia mimi, shangazi mtu, mwandishi wa safu ya kila Jumapili, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja asiyejua hata kusuka nywele. Nyumbani tunamwita Mheshimiwa, kwa sababu hasemi, anahutubia.

Mraba wa "Amesali" niliugomea. Nikamwambia hilo ni kati yako na Mungu, mimi si karani wa mbinguni. Akanijibu: lakini nimesali, Shangazi, wewe ulikuwa unapiga kelele kwenye simu. Sasa kutotia sahihi si uongo? Nikatia. Kwa hasira.

Miraba mitatu ikijaa, mtoto anaingia kwenye zamu ya kupiga kengele ya sala ya Malaika wa Bwana, saa sita mchana. Yeye amepiga mara mbili. Anatembea kama ameteuliwa waziri.

Kusoma ndiyo raha yetu. Ukurasa mmoja. Mimi nausoma kwanza, na nasoma vizuri, miaka kumi ya midahalo ya redio si bure. Kisha anasoma yeye. Hakosei! Anashusha sauti penye nukta, anapumzika penye mkato. Mtangazaji mtupu. Sasa mtoto kama huyu wa kadi ya nini?

Jumanne, 4 Februari

Nilipeleka sketi kwa Mama Pacha, jirani, fundi cherehani. Akauliza: kupunguza au kupanua? Nikasema panua na usiulize. Pacha wake wa kike wako darasa moja na Mheshimiwa. Pini mdomoni, mguu kwenye cherehani, akatoa ya moyoni. Mmoja akisoma, mwingine anakoroma juu ya kitabu. Akimwamsha huyu, yule kalala. "Nimekuwa mlinzi wa zamu kwenye nyumba yangu mwenyewe!"

Halafu akatoa pini, akaninyooshea. Wewe una kalamu, jirani. Sisi wengine tuna sindano tu. Wachome!

Hakuhitaji kuniambia mara mbili.

Alhamisi, 6 Februari

Nimeandika. Maneno mia tisa kwa asubuhi moja. "Jioni ya Mtoto Si Mali ya Shule." Nimelipiga pigo la kwanza kwenye aya ya kwanza na sijapumzika mpaka ya mwisho. Niliisoma makala kwa sauti mara tatu, kama kawaida yangu, nikitembea kutoka mezani hadi dirishani. Hoja isiyosomeka kwa sauti ni hoja yenye kilema.

Mhariri amepiga simu. Kali, amesema, lakini mama yake ni wa chama cha kanisani, atamla nyama. Nikamwambia mpe namba yangu.

Kisha kaka. Sauti imejaa injini. "Dada, nakuomba, usinigombanishe na masista." Nani kakwambia? "Wewe! Leo asubuhi. Ulinisomea aya nzima nikiwa kwenye foleni ya mizani." Nikamweleza kuhusu haki ya mtoto kucheza, kuhusu jioni, kuhusu uhuru wa nyumba. Halafu akasema neno moja ambalo linanikera mpaka sasa hivi. Dada, wewe ulisomeshwa na masista. Mimi niliishia la nne. Karatasi za mzigo nasomewa na watu, na wengine wananisomea uongo. Mtoto wangu asome mwenyewe. Hicho tu.

Lakini anasoma! Nikamwambia, mbona anasoma kuliko wote? Akasema basi vizuri. Simu ikakatika.

Kwa nini nilihisi kama nimeshindwa mjadala ambao nilikuwa nashinda?

Jumapili, 9 Februari

Imetoka. Ukurasa wa tano, juu kabisa.

Nilimpeleka Mheshimiwa misa, nikakaa nje kwenye ukuta na gazeti langu, kama kila Jumapili. Mimi na Kanisa tuliachana zamani bila kugawana vyombo. Watu walipotoka walinishika mkono. Baba mmoja mwenye duka la vipuri akaniambia umesema yaliyo tumboni mwetu. Mama mmoja akanipita amebinua mdomo. Vyote viwili vilinipendeza.

Mheshimiwa akatoka mbio: katekista amemsifu, katoa sala ya kutubu nzima bila kukwama. Nikamuuliza, unajua maana ya "kitubio"? Akafikiri. Akasema ni neno linalokuja baada ya lile jingine.

Nilicheka sana. Mtoto huyu!

Jumatatu, 10 Februari

Vita vimekuja. Kwenye kadi, chini ya sahihi yangu, kwa wino mwekundu: "Naomba kukuona, Alhamisi saa nane mchana." Sista wa darasa la pili. Haya basi! Mkuki kwa nguruwe mtamu. Nimewachoma, sasa wanataka kunielimisha. Nimeanza kukusanya hoja.

Mama Pacha hajalala. Anasema wazazi wamepata kikao, Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe ishirini, saa kumi jioni, na Sista Mkuu mwenyewe atakaa mbele. Wanataka ombi la maandishi. Nimemwandikia papo hapo, juu ya karatasi ya kukatia vitambaa. Sentensi moja tu: Sisi wazazi tunaomba kazi za nyumbani ziondolewe. Ombi refu halisomwi. Ataipeleka ichapwe kwa herufi kubwa, aizungushe nyumba kwa nyumba. Mstari wa kwanza wa sahihi ameuacha wazi. "Huo wako. Wewe ndiye jogoo, sisi vifaranga."

Alhamisi, 13 Februari

Niandike haraka kabla sijaanza kujitetea.

Saa nane, darasa la pili. Vidawati sitini na kimoja, nilivihesabu. Sista ni binti mdogo, angeweza kuwa mwanangu, vumbi la chaki mpaka kwenye shela. Akanipa kiti cha mtoto. Magoti yakanifika kidevuni. Kwenye mkoba nilikuwa na kurasa nne za hoja.

Nikaanza mimi: kama ni kuhusu makala— Akasema ameisoma. Ina nguvu. Sentensi ya tatu ndefu mno. Kisha akaiweka kando, kama mtu anayeondoa kikombe mezani apate nafasi.

Akafungua kitabu cha kusomea. Picha zote amezifunika kwa kipande cha boksi. Akaeleza taratibu. Watoto sitini na mmoja. Kila mmoja anamsomea Sista peke yake mara moja tu kwa wiki tatu. Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Mheshimiwa. Akasoma ukurasa wa kumi na nne kama maji. Sista akamfungulia ukurasa wa ishirini na tatu, ambao hawajafika. Mtoto hakuutazama. Akamtazama Sista usoni, akangoja, mwisho akasema kwa adabu: Sista, anza wewe.

Nikasema sielewi.

"Hajui kusoma, Mama. Herufi anazijua. Silabi, baadhi. Kusoma, hajui. Anashika kichwani."

Nilicheka. Mheshimiwa? Huyu wa kwangu? Sista hakucheka. Akauliza, nyumbani nani husoma kwanza? Nikajibu kwa fahari kabisa, Mungu anisamehe kama yupo: mimi, ili asikie muziki wa sentensi.

Akarudisha kurasa za kitabu nyuma. Kisha akasema: ukurasa wa kumi na moja, baada ya neno "mlangoni", mtoto alikohoa mara zote mbili aliponisomea. Nilidhani ana kifua. Nikampeleka kwa muuguzi wa shule.

Mimi ndiye niliyekuwa na mafua siku nilipomsomea ukurasa ule. Nilikohoa pale. Baada ya "mlangoni".

Alitandaza kadi mezani. Sahihi zangu ishirini na nane, kila moja na mkia wake wa mbwembwe. Amesoma. Amesoma. Amesoma. Akasema, bila ukali, na hapo ndipo kisu kilipo: mimi masikio yangu mawili hayatoshi, nilikuwa naazima ya kwako.

Ikifika Pasaka, kama hawezi ukurasa mgeni peke yake, atarudishwa la kwanza. Si adhabu, alisema. Nikamuuliza nifanye nini. Usisome wewe. Kaa naye dakika kumi. Akikwama mwache akwame. Ukishindwa kunyamaza, shika kitu mkononi.

Nyumbani nilichukua kikaratasi nikaandika: Paka amelala. Nikampa. Akakishika vizuri, akanyoosha shingo, akanitazama mimi usoni.

"Shangazi, soma kwanza."

Ijumaa, 14 Februari

Nimekasirishwa na kila mtu. Na Sista: mtoto kafika la pili, huko la kwanza walikuwa wapi? Na shule: watoto sitini na mmoja kwa mwalimu mmoja ni darasa au ni soko? Na kaka, aliyeamini neno langu. Na mkewe, anayenitumia meseji za kunishukuru.

Tuangalie hoja kwa utulivu. Nilisema kadi haina maana. Kumbe kweli haina, imejaa uongo. Uongo wa nani? Wangu. Kwa hiyo nilikuwa sahihi, na ushahidi ni mimi mwenyewe. Nimeshinda hoja nikampoteza mtoto. Sentensi nzuri. Upuuzi mtupu.

Upande wa pili. Kazi ya nyumbani ikiondolewa, anasoma na nani? Na Sista, mara moja kwa wiki tatu, dakika tatu. Hiyo ndiyo "jioni huru" niliyompigania.

Lakini pacha wa jirani wanaolala juu ya kitabu? Na wao ni watoto. Si nilisema kweli? Nilisema kweli! Au nilisema tu vizuri?

Jioni mraba wa "Amesoma" niliuacha wazi. Mara ya kwanza. Aliuona kabla sijafunika kalamu. "Umesahau hapa." Sijasahau. "Nitakosa kengele." Najua. Hakulia. Aliiangalia kadi kwa muda, akaenda kukunja nguo, akazikunja vizuri sana.

Jumamosi, 15 Februari

Mama Pacha: sahihi arobaini na tatu! Sketi nayo tayari, nikaifuata kwake. Amezungusha ombi mpaka kwa watu wasio na watoto. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo, yeye akanipima kiuno.

Pacha mmoja alikuwa sakafuni kati ya mabaki ya vitambaa, anasoma maandishi kwenye boksi la nyuzi. "U... zi... m... mwe... mweu... si." Vibaya. Polepole. Kama mtu anavuta gunia. Mama yake akamfokea: acha kunisumbua na kelele zako!

Niliona wivu. Mtoto yule alalaye juu ya kitabu anasoma. Mama yake anadhani hajui. Wangu hajui, na mimi nimetangaza mtaa mzima kwamba ni mtangazaji.

Nimerudi na sketi. Inanibana bado.

Jumatatu, 17 Februari

Jaribio la pili la kunyamaza. La kwanza lilikuwa jana na sitaki kuliandika.

Saa kumi na mbili jioni, meza ya chakula, saa ya ukutani. Ukurasa mpya. Nikakaa. Akangoja. Nikangoja. Dakika mbili. Midomo yangu ilikuwa inacheza yenyewe! Nimewahi kukaa na waziri studioni akanitukana nikamjibu kwa tabasamu, lakini hili la kumtazama mtoto akilitazama neno "shoka" siliwezi.

Ghafla akaanza kulia. Umenikasirikia? Hapana. Mbona huongei? Nimenyamaza ili usome. "Wewe ukinyamaza unakuwa umekasirika."

Ni kweli. Nyumba hii kimya chake ni cha aina moja tu. Sikujua kwamba anajua.

Leo kengele amepiga mmoja wa pacha. Mheshimiwa ameniambia kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa ya msiba.

Jumanne, 18 Februari

Leo nimemwambia mapema: nitanyamaza, na sijakasirika, na nitashika kalamu kama alivyosema Sista. Akauliza, nitajuaje kama hujakasirika? Tukakubaliana: nikiwa naandika, sijakasirika.

Alikaa. Akaweka kidole. "Sho." Nikaandika jina langu mara kumi. "Sho... ka." Akasita. "Shoka?" Nikaandika jina la baba yangu. Akasoma mstari mzima. Maneno manne, dakika nne. Sauti yenyewe imepinda, inakwaruza, haina mkato wala nukta, inapanda pasipopandwa. Sijawahi kuisikia. Miaka miwili anaishi hapa.

Nikasema: umesoma! Akanitazama kama nimemdanganya.

"Hapana. Hiyo siyo ya kusoma. Ya kusoma ni ile yako."

Nikarudi kuandika jina la baba yangu. Mimi! Vitabu ukuta mzima, na mtoto wa miaka saba ndiye ananieleza kusoma ni nini.

Nimetia sahihi? Nimetia, bila mkia. Sijui kama ni haki. Mstari si ukurasa. Lakini shoka ni shoka.

Jumatano, 19 Februari

Hakusoma kitu. Alishika tumbo, kisha kichwa, kisha akataka maji, kisha choo. Nikaandika dakika kumi zote kuonyesha sijakasirika. Nilikuwa nimekasirika.

Mhariri anataka mwendelezo wa makala. Barua ishirini na sita za wasomaji, haijawahi kutokea. Amependekeza niandike kutoka kikaoni kesho. "Wapige la pili, dada." Nikamwambia nitaona. Akashangaa. Anasema hajawahi kunisikia nikisema nitaona.

Kaka amepiga, yuko mpakani. Akaomba mtoto amsomee kidogo kwenye simu. Nikasema amelala. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu jioni, jua linawaka, anaruka kamba uani.

Kesho nikisimama kikaoni nikisema ziondolewe, nitakuwa namwondolea huyu. Nikisimama nikisema zibaki, nitakuwa nimewasaliti watu arobaini na kitu niliowachochea mwenyewe. Nikisema kwa nini, kila mtu atajua kuhusu Mheshimiwa, na watoto wenzake watajua, na watoto hawana huruma. Nikikaa kimya— Mimi? Kikaoni?

Nyani haoni kundule. Huu nao si msaada, ni methali tu.

Alhamisi, 20 Februari

Saa tisa na dakika kumi alasiri. Kikao saa kumi. Tunasoma mapema, amependekeza yeye mwenyewe, kwa sababu jioni nitakuwa "kwenye kupigana".

Naandika ili nisiongee. Ukurasa wa kumi na saba. Picha nimeifunika kwa bahasha. Amekaa kwenye kiti, miguu haifiki chini, kidole kwenye mstari wa kwanza.

"Ba... bu... a... ana." Ananitazama. Naandika. Amerudi kitabuni.

"Anachi... anachimba." Sawa. Usiseme sawa. Andika. Meza ina doa la wino, doa lina umbo la kiatu.

Mstari wa pili amekwama. Dakika nzima. Neno ni "shimo". Ulimi wangu uko kwenye meno. Amelipita! Ameruka kwenda neno la mbele. Je, inaruhusiwa? Sista hakusema.

Mlango. Mama Pacha. Hodi ya ngumi. Jirani! Tunachelewa! Sahihi sitini na nane, imebaki yako tu, ya kwanza!

Nimeinua kichwa. Mheshimiwa kanizuia kwa kiganja, kama trafiki. Akageukia mlango, akapaza sauti: Shangazi hawezi kuongea! Nasoma!

Huko nje kicheko. Haya Mheshimiwa, soma, lakini mwambie shangazi yako atie sahihi hapa, mie natangulia kushika viti. Karatasi imepita chini ya mlango. Nasikia viatu vyake vinashuka ngazi.

Mtoto kashuka kitini. Kaiokota. Nilidhani ataniletea. Hajaniletea. Amesimama pale pale mlangoni, karatasi ameishika kwa mikono miwili. Ni herufi kubwa, nyeusi, za mashine. Haina picha. Sijawahi kumsomea.

"Si... si. Sisi."

Naandika polepole, kalamu isije ikamshtua.

"Sisi wa... za... wazazi."

Hajanitazama. Tangu aishike hajanitazama hata mara moja.

"Tu... na... o. Tunao. Tunaomba." Amelisema tena, peke yake, kwa ile sauti yake iliyopinda. "Tunaomba ka... zi. Kazi za nyu... nyumba... ni."

Saa tisa na dakika ishirini na moja. Dakika kumi zimepita. Ningeweza kusimama sasa. Ningeweza kuichukua, nikasema basi, umesoma vizuri, na asingejua kilichobaki.

Limebaki neno moja. Ni refu, lina silabi ngumu katikati. Nalijua. Nililiandika mimi.

Ameweka kidole.

"Zi..."